Gundi salama kwa mapambo ya foamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa wapambaji wa sendofu na ubarikio, walimu wa shule za msingi na akina mama wa keki kuanzia Mbeya hadi Njombe na Iringa. Karibu wote huanza na "gundi gani nzuri?" Sisi huuliza kwanza: foamu gani, na unafanyia kazi chumba gani?

## Foamu uliyonayo

Kwani foamu zote si kitu kimoja?

Hapana, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Kwenye mapambo utakutana zaidi na aina tatu.

Ya kwanza ni stairofomu, ile nyeupe inayokuja ndani ya boksi la televisheni au friji. Ukiivunja unaona vipunje vya mviringo vilivyoshikana. Ni polisterini iliyovimbishwa, na karibu asilimia 98 ya ujazo wake ni hewa tupu. Ndiyo inayochongwa herufi za majina ya maharusi, namba za siku ya kuzaliwa na ngazi za keki bandia. Kuna mbao zake za bluu au waridi zisizoonyesha vipunje; zihesabu pamoja na stairofomu, kwa sababu malighafi ni ileile.

Ya pili ni sponji la godoro, ambalo ukilibonyeza linarudi. Ya tatu ni foamu ya ndala, inayopindika bila kuvunjika. Steshenari wanaiuza kama karatasi za rangi, nyingine zikiwa na gilita upande mmoja.

Kati ya hizo, stairofomu ndiyo yenye masharti makali. Gundi isiyoidhuru stairofomu kwa kawaida haitadhuru hizo nyingine, ila si lazima izishike vizuri. Kinyume chake si kweli hata kidogo.

Kwa nini gundi ya fundi viatu inatoboa herufi zangu?

Gundi ya viatu hukaa katika hali ya majimaji kwa msaada wa viyeyushi, kwa mfano tolueni. Polisterini nayo huyeyuka ndani ya viyeyushi hivyo. Kuta nyembamba za vipunje zikiyeyuka, hewa inatoka, na herufi nene inabaki na shimo lenye utando unaonata. Thina, petroli na asetoni ya kuondolea rangi ya kucha hufanya vivyo hivyo.

Wengine husema wakipaka kidogo haitoboi. Inatoboa kidogo. Kama kazi ina shanga na utepe juu, huenda shimo lisionekane, lakini pambo litakuwa limeshika utando badala ya foamu, na litabanduka ukumbini.

Joto nalo ni adui: stairofomu huanza kulainika ikikaribia nyuzi joto 100 za Selsiasi. Tutalirudia kwenye gundi ya moto.

Nikiwa dukani nitajuaje gundi itafaa?

Tafuta alama ya mwali wa moto ndani ya umbo la almasi lenye mpaka mwekundu. Maandishi yanaweza kuwa ya Kichina au Kiingereza, lakini mchoro huo unasomeka na kila mtu: ndani kuna kitu kinachoshika moto haraka, na mara nyingi ni kiyeyushi. Ukiuona, rudisha kopo rafuni kama kazi yako ni ya stairofomu. Harufu kali inayopanda kichwani ni ishara nyingine, ingawa hatumshauri mtu anuse kopo ili aijue.

Usinunue gundi iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, hata ukipunguziwa bei kiasi gani pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya. Hujui ni nini, na chupa hiyo ikifika nyumbani mtoto mwenye kiu haulizi.

Nimeshanunua. Nijaribu vipi bila kuharibu kazi?

Kata kipande cha mabaki ya foamu ileile, weka tone, bandika shanga moja, kisha acha hadi kesho yake. Usiishie kuangalia dakika tano za mwanzo. Gundi nyingine hula polepole kwa chini, na nyingine zinaonekana zimeshika kumbe bado mbichi. Asubuhi ivute shanga. Ikitoka na vipunje vya foamu, gundi imeshika kuliko foamu yenyewe, na hapo huna haja ya nguvu zaidi.

## Gundi moja baada ya nyingine

Kama ni kununua moja tu, ninunue ipi?

Gundi nyeupe, ileile ya mafundi seremala au ya shuleni. Imetengenezwa kwa maji, haitoboi stairofomu, haina harufu ya kulevya, na mkononi inatoka kwa maji ya uvuguvugu ikiwa haijakauka. Ni polepole, na watu wa mapambo hawapendi kitu polepole. Hata hivyo, kwa shanga, gilita, kitenge, karatasi, kamba za katani na maua makavu, hatuoni sababu ya kwenda mbali zaidi.

Udhaifu wake ni kwamba hukauka kwa maji kutoka. Ukibandika kioo au plastiki pana juu ya stairofomu, maji hayana pa kupitia, na gundi ya katikati inaweza kubaki mbichi siku nyingi. Kwa vitu hivyo soma jibu la vioo na vito vikubwa.

Gundi ya moto inafaa stairofomu?

Inafaa ukiwa na bunduki ya gundi ya joto dogo, kile kifaa cha umeme kinachoyeyusha vijiti vya gundi. Bunduki ndogo nyingi, zinazotumia vijiti vya milimita 7, huyeyusha gundi kwenye nyuzi 120 hivi. Zile kubwa za vijiti vya milimita 11 mara nyingi hufika nyuzi 190, na hizo huchimba stairofomu kama kijiko kwenye siagi.

Lakini hata 120 ni zaidi ya 100. Kwa hiyo usiimimine gundi kwenye foamu. Iweke kwenye pambo, subiri sekunde chache ipungue ukali, ndipo ubonyeze. Kwa foamu ya ndala huhitaji uangalifu huo wote. Gundi ya moto na foamu hiyo ni marafiki.

Ukipamba kwa ajili ya sehemu za joto kama Kyela au Mbarali, soma kwanza jibu la kusafirisha.

Supagluu je? Inakauka upesi na inauzwa kila duka.

Kwa stairofomu, hapana. Supagluu ya kawaida huila, na mahali isipoila hukauka ikiwa ngumu na kuvunjika ukiigusa. Zipo za aina maalumu zilizotengenezwa kwa ajili ya foamu na huandikwa hivyo kwenye pakiti, lakini usizitarajie kwenye duka la mtaani.

Jambo wasilolijua wapambaji wengi: supagluu ikidondokea pamba kwa wingi hupata moto ghafla, kiasi cha kuunguza ngozi na hata kutoa moshi. Kitenge na khanga nyingi ni pamba. Ukiwa umekalia kitenge chako huku unabandika vito, tone kubwa likianguka pajani litakuunguza kabla hujajua limetoka wapi.

Vioo vidogo, vito vikubwa na kokoto nivibandike kwa gundi gani?

Silikoni, ile ya mafundi wa madirisha ya alumini, inafanya kazi vizuri. Inatoa harufu ya siki wakati wa kukauka, haitoboi stairofomu, na inabaki laini, kwa hiyo haipasuki foamu ikipinda. Fungua dirisha na uipe usiku mzima. Rangi haishiki juu yake, basi paka rangi kwanza.

Epoksi ya mirija miwili nayo haina neno kwa stairofomu, mradi uchanganye kidogo kidogo, kwa sababu fungu kubwa hujipasha joto. Vaa glavu: kuna ngozi zinazoizoea mara kadhaa, halafu siku moja zikaanza kuwasha na kutoka vipele, na kuanzia hapo kila ukiigusa hali inarudi.

Vitu vizito hata usivitegemeze kwenye gundi pekee. Chomeka kijiti cha meno au waya ndani ya foamu pamoja na gundi nyeupe. Kijiti kinabeba uzito, gundi inazuia kisichomoke.

Gundi ya viatu haina kazi kabisa?

Inayo, kwenye sponji la godoro na foamu ya ndala. Mafundi sofa wanaishi nayo. Ipakwe pande zote mbili, iachwe hadi isinate sana kidoleni, ndipo zigusanishwe. Ifanyike nje au barazani, mbali na moto, na kopo lifungwe kila baada ya kuchovya. Kamwe isiachwe mahali watoto wanapoifikia. Kuna vijana waliozoea kuinusa mitaani, na mvuke huo huo unaompa mpambaji kizunguzungu ndio unaowaharibu ubongo.

Dada, nina mimba na mapambo ndiyo riziki yangu. Niache?

Si lazima uache kupamba. Acha gundi za viyeyushi, thina na rangi za kupuliza. Ama mwachie mwenzako afanye na wewe usiwe chumba hicho hadi harufu iishe. Gundi nyeupe, uji wa unga, pini na vijiti vitakufikisha kwenye karibu kila kazi ya stairofomu.

Naweza kuyeyusha stairofomu kwenye petroli nipate gundi ya bure?

Usifanye hivyo. Tunajua kuna mafundi wanaofanya. Kinachopatikana ni ute unaowaka na kung'ang'ania: ukishika moto juu ya mkono, hauzimiki kwa kukung'uta. Petroli pia ina benzini, ambayo husababisha saratani ya damu. Na kama gundi yenyewe, itatoboa stairofomu nyingine utakayoipaka, kwa sababu zilezile za herufi na gundi ya viatu.

Uji wa unga, na utomvu wa miti?

Uji mzito wa unga wa ngano au wa muhogo hubandika karatasi na kitambaa kwenye stairofomu bila madhara, na unafaa sana darasani. Upike, uache upoe kabisa kabla ya kupaka. Ongeza kijiko cha siki kuchelewesha ukungu, na usiutumie kwa pambo la kuweka miezi: panya, mende na unyevu wa masika watakukuta.

Utomvu wa mnyaa usiguse. Ukiingia jichoni huchoma vibaya na unaweza kumwacha mtu haoni kwa siku kadhaa.

## Baridi, mvua na jiko la mkaa

Kwa nini gundi nyeupe haikauki Juni na Julai?

Gundi nyingi nyeupe zinahitaji chumba cha nyuzi joto 10 au zaidi ili chembe zake ziungane kuwa utando. Chini ya hapo, maji hutoka lakini chembe hazishikani. Unaona weupe wa chaki badala ya utando angavu, na shanga zinadondoka zenyewe. Asubuhi ya Julai pale Njombe, Makete au Uporoto, chumba kisicho na dari kinafika huko bila shida.

Fanya kazi saa sita hadi saa tisa mchana. Weka chupa ya gundi ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu kabla ya kuanza, na foamu nayo iwe imekaa ndani, si stoo. Kazi iliyokamilika ilale chumba kinachokaliwa na watu. Gundi iliyoganda kwa baridi kisha ikawa na mabonge, itupe.

Basi niwashe jiko la mkaa chumbani ili ikauke?

Hili ndilo swali linalotupa wasiwasi kuliko yote, kwa sababu kwenye nyanda za juu watu hufunga milango na kuota moto ndani. Hapo zinakutana hatari mbili.

Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Mtu anaumwa kichwa, anasinzia, haamki. Hii ipo hata kama hakuna gundi.

Ya pili ni mvuke wa viyeyushi. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni, na jiko nalo liko sakafuni. Unaweza kuwa umekaa pembe ya mbali na kopo la gundi ya viatu ukidhani umejitenga, kumbe mvuke umeshafika kwenye makaa. Moto hurudi kwa njia ileile uliyopita mvuke, hadi kwenye kopo mkononi mwako. Koroboi, mshumaa, jiko la gesi na sigara ni vilevile.

Ukitaka chumba chenye joto, kipashe kwanza huku dirisha likiwa wazi, toa jiko nje, acha hewa izunguke, kisha fanya kazi kwa gundi nyeupe tu. Gundi ya kiyeyushi ni ya nje, mchana, na siku ya mvua kubwa kazi hiyo isubiri. Mteja akikazana, mwambie bei ya gundi nyeupe na siku ya ziada.

Moto ukitokea, toka na watu kwanza. Zimamoto ni 114.

Nafungua supagluu iliyotoka Dar es Salaam, inaruka yenyewe. Imeharibika?

Haijaharibika. Ilijazwa na kufungwa mahali penye mgandamizo mkubwa zaidi wa hewa. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 18. Hewa iliyofungiwa ndani inatanuka na kusukuma gundi nje. Simamisha mrija wima, elekeza ncha mbali na uso, funika kwa kitambaa cha nailoni au karatasi, na utoboe taratibu. Watoto wasiwe karibu.

Masika pambo linabanduka.

Gundi nyeupe ya kawaida hulainika ikilowana. Uliza ile ya mbao inayostahimili maji, au tumia silikoni. Karatasi na uji wa unga usivipeleke nje kabisa kuanzia Desemba hadi Aprili.

## Watoto na darasa

Watoto wa chekechea watumie nini?

Gundi nyeupe ya shule au uji wa unga. Bunduki ya gundi aishike mwalimu. Kwa wale wanaopeleka kila kitu mdomoni, ondoa shanga, vifungo na vipande vidogo vya stairofomu. Kinachowakaba ni hivyo, kuliko gundi. Pini nazo zisiingie darasani.

Kopo limeandikwa halina sumu. Mtoto akilamba?

Akilamba kidogo, msafishe mdomo na umpe maji. Maandishi hayo yanahusu matumizi ya kawaida, hayasemi kuwa ni chakula. Akinywa gundi ya viatu au thina, usimtapishe, kwa sababu inaweza kuingia mapafuni. Mkimbize hospitali pamoja na kopo.

## Kazi zenye masharti yake

Ngazi za keki bandia: nibandike maua kwa gundi?

Kama hakuna ngazi hata moja inayoliwa, ndiyo. Kama ngazi ya juu ni keki halisi, tumia aisingi ya ute wa yai na sukari ya unga kubandika, hata kwenye zile bandia, maana kisu cha bwana harusi hakisomi mpango wako. Stairofomu ifunikwe, na kati yake na keki kuwe na ubao wa keki. Gilita ya steshenari ni plastiki. Isifike kwenye keki ya kuliwa.

Nataka kupuliza rangi ya dhahabu.

Rangi nyingi za kopo zina viyeyushi, na hata gesi inayozisukuma inaweza kuchimba. Paka gundi nyeupe iliyochanganywa na maji kidogo, ikauke, paka tena, ikauke, ndipo upulize kwa mbali na kwa mapigo mafupi. Bado tundu dogo lililokosa gundi litageuka shimo. Rangi ya maji kwa brashi ina usumbufu mdogo zaidi, na ukumbini hakuna atakayeona tofauti.

Koni za mipaini za Sao Hill zinadondoka kila mara.

Koni hufunga magamba yake ikiwa na unyevu na kuyafungua ikikauka. Ukiibandika ikiwa mbichi, itafunguka baadaye na kujisukuma itoke. Ianike juani hadi iwe wazi kabisa, futa utomvu chini, kisha tumia gundi ya moto ya joto dogo au kijiti na gundi nyeupe.

Mashada ya makaburini?

Sponji la kijani la maua likilowana halishiki gundi ya aina yoyote. Chomeka. Kwa shada la stairofomu, waya na silikoni.

Nilipamba Mbeya, nikafika Kyela vitu vimeanguka.

Gundi ya moto hurudi kulainika kwa joto, na ndani ya gari lililoegeshwa juani panaweza kupita nyuzi 60. Kyela kuna joto hata kabla ya gari. Kwa safari ya kushuka, tumia gundi nyeupe na vijiti, au silikoni, funika mzigo, na usiuache kwenye gari lililofungwa.

## Ajali na mabaki

Gundi ya moto imeniunguza.

Weka chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usiibandue ikiwa imeshikana na ngozi. Usipake dawa ya meno, asali wala mafuta. Lengelenge kubwa, au kuungua usoni au kwenye viungo, nenda kituo cha afya.

Supagluu imegandisha vidole, au imeingia jichoni.

Vidole: loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, zungusha taratibu, usivute. Jicho: suuza kwa maji safi ya uvuguvugu kwa muda mrefu, usilazimishe kope kufunguka, nenda hospitali. Asetoni isikaribie jicho.

Mabaki ya stairofomu niwashie jiko?

Hapana. Moshi wake mweusi una stairini na kaboni monoksaidi, na masizi yanaingia kwenye chakula. Yakate vipande vya kujaribia gundi, au yajaze ndani ya mito ya mapambo ukumbini.

Gundi nyeupe imekauka kwenye kitenge cha mteja.

Loweka kwenye maji ya moto yenye sabuni hadi ilainike, kisha sugua kwa mswaki laini. Jaribu kwanza pembeni uone kama rangi inachuja.